Gulio la Shule na Viatu vya Mwalimu Neema

Nyie mnaoanza kufundisha somo la biashara mwaka huu, nimesikia mmeitwa Kibiti kwa mafunzo. Nendeni. Mie nimekwenda semina nyingi hadi wahudumu wa ukumbi wakawa wananiwekea chai yangu isiyo na sukari kabla sijavuta kiti. Sasa nimestaafu, muda ninao, na walimu vijana wawili walikuja nyumbani kuniuliza mtu abebe kipi na aache kipi akitoka huko. Niliwajibu kirefu kuliko walivyotaka, mmoja akaanza kuchungulia simu yake. Nimeona basi niandike, asiyetaka aruke kurasa.

Semina yenyewe mtaijua mkifika. Mwezeshaji atawagawa vikundi, atawapa kalamu za rangi na yale makaratasi makubwa ya bango kitita, mtaandika changamoto upande mmoja na utatuzi upande wa pili. Mwenye mwandiko mzuri ataandika, mwenye maneno mengi atawasilisha, na mwenye njaa ataangalia mlango. Changamoto ya kwanza siku zote ni uhaba wa vitabu. Jioni mabango yanakunjwa na kubebwa, wapi sijui. Niliwahi kununua bagia pale stendi ya Kibiti nikafungiwa kwenye kipande cha bango nililoliandika kwa mkono wangu, mistari ya utatuzi imelowa mafuta. Nilizila zile bagia, na zilikuwa nzuri.

Sisemi haya kuzibeza semina. Mawazo mle yamo, tena mazuri. Tatizo ni kwamba mwalimu hurudi nayo yote kwa pamoja. Jumatatu anapanga madawati duara, anaweka igizo, anaweka mjadala, anataka na mgeni mwalikwa. Ikifika katikati ya wiki sauti imemkauka, wanafunzi wamechanganyikiwa, na yeye anarudi kuandika notsi ubaoni kimyakimya, na ukimuuliza atakwambia mbinu mpya hazifai kwa mazingira yetu.

Rudi na wazo moja. Lijaribu kwenye darasa moja, tena lile la watundu, maana wapole watakupigia makofi hata ukiharibu. Mwombe mwenzako aje akae nyuma akutazame, na umwambie asiandike chochote. Akianza kuandika utajikuta unafundisha ile kalamu yake badala ya watoto. Mkimaliza, tembeeni pamoja hadi kwa mama muuza mihogo, na akueleze njiani alichokiona. Njiani watu husema ukweli zaidi kuliko wakiwa wamekaa ofisini wanatazamana.

Hilo sikulipata semina. Nililipata kwa Mwalimu Mshamu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyenipokea nilipotoka chuoni nikiwa nimejaa maneno ya vitabuni. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha biashara pale shuleni kwetu, shule ya kutwa isiyo mbali sana na Nyamisati. Alikuwa mtu wa Umwe, mkulima wa mpunga kuliko mwalimu, na semina walikuwa hawamwiti kwa sababu ya ubishi. Mtihani wa somo letu ni Kiingereza, soko letu ni Kiswahili, na mtoto anasimama katikati hajui aelekee wapi. Mzee Mshamu aliwaacha wabishane kwanza kwa Kiswahili chao, na Kindengereko cha nyumbani kikipita kipite: kwa nini kamba wana bei hii asubuhi boti za kisiwani Kiongoroni hazijafika, na bei ile zikishafika. Wakishachoka kubishana na kila mmoja ameshika upande wake, ndipo anakwenda ubaoni pembeni na kuandika neno la Kiingereza la jambo walilokuwa wakibishania. Mtoto alikuwa halisahau tena neno hilo, maana aliligombania.

Na alikuwa na mizani. Aliichonga mwenyewe: mti mmoja wa mkoko, vifuu viwili vya nazi, na nyuzi za kushonea nyavu. Kifuu cha kushoto kilikuwa mali ya biashara, cha kulia madeni na mtaji wa mwenyewe. Mwanafunzi anaambiwa muuza duka kanunua friji kwa mkopo, basi anatia korosho kushoto, na darasa linapiga kelele mizani imelala, hadi atie nyingine kulia. Ni jambo dogo, lakini nimeona watoto walioshindwa kulielewa kwa vitabu vinne wakilielewa kwa korosho. Tumieni korosho mbichi zenye maganda. Zilizokaangwa zitaliwa na hesabu haitakaa sawa mpaka mnastaafu.

Siku anastaafu alinikabidhi mizani ile mbele ya walimu wote kwa hotuba ndefu mno. Tangu hapo ilikaa juu ya meza yangu, na sikumwazima mtu. Mie ni mchoyo wa vitu vyangu, kila aliyefanya kazi nami anajua, na sioni haya kusema. Wa hisabati aliomba, wa fizikia aliomba, wote niliwaambia wakachonge za kwao.

Mwaka wangu wa mwisho aliletwa Mwalimu Neema. Alishuka kwenye bodaboda na begi kubwa na kompyuta kifuani kama amebeba mtoto, akauliza mtandao unapatikana wapi, tukamwonyesha tangi la maji tukamwambia panda. Alipanda kweli. Hapo nikampenda, ingawa sikumwonyesha. Alikuwa amezaliwa Arusha na kukulia Arusha, anatembea upesi, anasema upesi, na kijiji kizima kikaamua ni Mchaga bila kumuuliza. Alisomea biashara, na ukimwanzishia mazungumzo ya mtaji na masoko macho yanawaka. Aliniomba mizani wiki ya kwanza tu, kwa adabu zote, shikamoo na mikono miwili. Nikamwambia nitafikiria.

Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa. Wanafunzi wa kidato cha pili wakimaliza wanachagua masomo ya kuendelea nayo, na waliokuwa wakichagua biashara walikuwa wanapungua kila mwaka. Mkuu wa shule alituita mimi na Neema akatueleza bila kuzunguka: mie naondoka, na waliochagua wakiwa wachache tena safari hii, somo linatoka kwenye ratiba, Neema atafundisha historia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa mengi na walimu wachache, na mtu wa namna hiyo lazima akate mahali. Neema akamjibu kwamba historia hakuisomea, na ikifika huko ataomba uhamisho. Mie niliumia. Unafanya kazi umri wako wote, halafu ukiinuka tu kwenye kiti, kiti nacho kinatolewa nje.

Katikati ya hayo tukaitwa semina, mie na yeye. Mwezeshaji safari hiyo alikuwa kijana mchangamfu, akatuletea wazo la gulio la darasa. Wanafunzi wanafungua meza za biashara za kweli, wanaleta bidhaa za kweli kutoka nyumbani, wanauza kwa watu wa kweli, kisha darasani wanachambua nini kimetokea. Juu ya bodaboda wakati wa kurudi Neema aliniuliza tubebe wazo lipi, nikamwambia achague moja. Akachagua hilo, na nadhani hata mie ningelichagua.

Aliandaa vizuri, lazima niseme. Kila kundi lilikuwa na mnunuzi, muuzaji na mweka hesabu. Watoto wa Kiongoroni, wanaopanga vyumba kijijini kwetu kwa sababu ya shule, walileta kamba wakavu. Kundi la mikeka likakaa karibu na mlango wa darasa, la vitumbua likakaa kibarazani. Kulwa, kijana mrefu ambaye wazazi wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa mtoni, alileta maziwa mgando kwenye chupa. Neema akabandika kanuni za soko ukutani kwa maandishi makubwa, na ya kwanza ilisema hakuna bidhaa kuondoka bila kulipiwa. Kanuni hiyo nami niliisoma, na niliiona ya kawaida kabisa, kama wewe unavyoiona sasa hivi.

Wazazi walialikwa na walikuja kwa wingi. Akaja na Bi. Siwatu. Huyu ni mama anayekaanga samaki pale bandarini, na ndiye anayewapangisha vyumba wengi wa wale watoto wa visiwani. Wazazi wao wako mbali kwa boti, kwa hiyo Bi. Siwatu ndiye mzazi wao siku za shule. Akisema mtoto asicheze mpira, hachezi. Akisema mtoto asome somo fulani, analisoma.

Akapita meza ya Kulwa. Akatazama maziwa, akaokota chupa iliyojaa vizuri kuliko zote, akaitia kwapani na kuanza kuondoka zake huku akisema kwa sauti kwamba babu zao hao walifika pwani miguu imevimba, na maji ya kunywa walipewa na nani? Kulwa akainama kwa kucheka. Kundi lake lote likacheka.

Kwa asiyejua: Wasukuma na Wanyamwezi ni watani wetu watu wa pwani, toka enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba mizigo kuileta pwani. Mtani wako anaweza kukusema msibani maiti ikiwa ndani, anaweza kukuchukulia jogoo uani, anaweza kukuchukulia maziwa yako mezani, na wewe hununi. Ukinuna wewe ndiye mwenye kosa, na utacheka nao siku nyingine ukichukua chao. Kila mtu pale gulioni alijua hivyo. Hakuna aliyefikiria kumwambia mwalimu, kwa vile hakuna mtu anayemweleza mwenzake kwamba maji yanalowesha.

Mie nilikuwa upande wa mikeka nabishana na muuzaji. Nilichosikia ni sauti ya Neema, ile ya upesi, ikikata kelele zote.

"Mama, rudisha. Huo ni wizi."

Alikuwa ameishika chupa. Kulwa alijaribu kusema ni mtani, madam, ni mtani, lakini kicheko kilikuwa bado kimembana na neno halikutoka sawasawa. Bi. Siwatu aliiachia chupa. Akajifunga vizuri kanga yake, akatazama zile kanuni ukutani, ambazo hakuzisoma, akaondoka bila kugeuka. Akina mama waliokuwa wanachagua vitumbua wakavirudisha kwenye sinia. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata, bila kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa watu wa kwetu, maana wakigomba jua yataisha. Kabla ya adhuhuri tulibaki walimu na wanafunzi tukiuziana wenyewe kwa wenyewe.

Haikuchukua muda habari zikamfikia mkuu wa shule, kwamba watoto waliopanga kwa Bi. Siwatu hawatachagua somo la mwalimu anayewaita watu wazima wezi. Na wale ndio waliokuwa wengi kati ya wanafunzi wetu. Alituita tena. Hakufoka. Alisema tu kwamba ratiba ya mwaka ujao anaanza kuitengeneza, na kama tuna la kumwambia tumwambie mapema. Neema akatoka pale akaenda kuandika barua ya kuomba uhamisho, akaipeleka siku hiyohiyo, hata chakula cha mchana hakula.

Nilimkuta darasani anabandua zile kanuni ukutani. Nikamweleza utani ni nini. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa juu ya dawati akasema utani anaujua, wa maneno, wa harusini, watu wanarushiana vijembe na kucheka. Hakujua kwamba unaingia hadi kwenye mali ya mtu mchana kweupe. Akaniuliza kwa nini semina hawakusema. Nikamwambia yule mwezeshaji naye hajui, na angejua asingepata pa kuliandika kwenye bango. Nikamwambia pia avae vizuri, jioni tunakwenda kwa Bi. Siwatu.

Kuomba radhi kwetu kuna utaratibu wake. Huendi peke yako, unakwenda na mtu mzima. Hukai kwenye kiti hata ukipewa, unakaa mkekani. Na hulitaji jambo mpaka uulizwe. Tukakaa. Bi. Siwatu alikuwa anaparua samaki, akatuitikia salamu na kuendelea kuparua. Nikaanza mie kuzungumza mambo ya mvua na ya bei ya mafuta ya kula. Samaki wakaisha. Akanawa mikono, akamtazama Neema kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

Neema akajibu Arusha.

"Sikukuuliza ulikozaliwa. Nimeuliza mtu wa wapi."

Neema akasema baba yake ni mtu wa Tabora, Mnyamwezi, ila kule wamekwenda likizo tu, mara chache, na lugha haijui. Bi. Siwatu akamuuliza jina la nyumbani analo. Neema akasema analo, bibi yake alimwita Kalunde.

Nami ndiyo kwanza nalisikia hilo jina. Mwaka mzima tumekaa naye ofisi moja tukimdhania Mchaga. Bi. Siwatu hakucheka, lakini niliona mabega yanaanza kutikisika. Akainuka taratibu, akaenda hadi mlangoni tulipovua viatu, akachukua viatu vya Neema, vile vyeusi vyenye kisigino kifupi alivyokuwa akivipenda na kuvifuta vumbi kila asubuhi. Akavitia ndani ya chumba chake na kufunga mlango kwa komeo.

"Haya," akasema, "mwizi ndiye mie. Sasa nimeiba."

Neema alinitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini asividai. Mtu baki akikuita mwizi amekutukana, lakini mtani akikuita mwizi amekutania, na neno lake limekwisha hapohapo. Bi. Siwatu alikuwa amelipokea lile neno la gulioni kama utani, amelilipa kwa utani, na kesi imefungwa. Kilichobaki ni Neema kulikubali deni. Tulipewa samaki wawili wa kwenda nao, tukaaga.

Alirudi nyumbani peku. Ni mwendo, na njia yetu ina michanga na visiki. Watu waliokuwa vibarazani walimwona mwalimu anapita bila viatu akitokea kwa Bi. Siwatu, na hawakuhitaji kuelezwa. Mzee mmoja akamtupia swali kama mzigo ameufikisha salama pwani. Neema akachechemea hatua kadhaa, halafu akamjibu kwamba mzigo umefika, mwenye mzigo ndiye hajulikani alipo. Kibaraza kizima kikacheka. Mie nilitembea nyuma yake nikiwa na viatu vyangu miguuni, na nilifurahi mno.

Tukafanya gulio tena. Kanuni zilikuwepo ukutani, zilezile, ila ya kwanza Neema aliwaachia wanafunzi waiandike upya wenyewe, na walibishana juu yake vipindi viwili. Bi. Siwatu alikuja na sinia ya samaki wake wa kuuza, amevaa vile viatu. Vilikuwa vidogo kwake, visigino vimening'inia nje, lakini alivivaa hadi mwisho wa soko. Akaenda moja kwa moja kwa Kulwa akachukua chupa yake. Neema naye alikuwa anamngojea. Alikwenda kwenye sinia ya Bi. Siwatu, akaokota samaki mmoja mkubwa, akaanza kumla hapohapo amesimama, na watu waliokuwa nje wakaingia kuja kutazama. Walipoingia wakanunua.

Lakini somo hasa lilikuwa kesho yake darasani, na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Neema aliuliza swali moja tu: yale maziwa aliyochukua Bi. Siwatu tuyaandike wapi? Kundi moja likasema ni hasara. Jingine likasema mwenye biashara ameyatumia mwenyewe, kwa kuwa Kulwa aliridhia. Kulwa akasimama akasema ni matangazo, kwa sababu chupa nyingine zote zilitoka baada ya mama yule kupita na vituko vyake, na kabla ya hapo watu walikuwa wanapita tu. Binti mmoja wa Kiongoroni akambishia kwamba tangazo mtu analipanga, hili hakulipanga. Nilikuwa nimekaa nyuma, sina kalamu, na nilisahau kwamba muda umekwisha. Swali hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichofundishia. Na watoto wa madarasa mengine walikuwa wamejazana madirishani.

Walipochagua masomo, biashara ilipata darasa kamili. Mkuu wa shule alinisimamisha nje ya ofisi kunipa habari, na alikuwa anafurahi waziwazi. Ila alikuwa na jingine. Uhamisho wa Neema ulikuwa umekubaliwa. Ile barua aliyoipeleka bila kula chakula cha mchana ilikuwa imetembea njia yake, meza kwa meza, kimyakimya, na sasa majibu yamerudi: anaruhusiwa kwenda Arusha, kwao, karibu na mama yake. Mwalimu mwingine wa biashara hakuna. Wanafunzi tulikuwa tumewapata, na wa kuwafundisha anaondoka.

Sikumwomba abaki. Watu wengi wameniuliza kwa nini. Alikuwa binti wa watu, ana mama yake, na mie ningemwomba kwa ajili ya kiti changu zaidi kuliko kwa ajili yake. Yeye naye alifundisha kama kawaida hadi shule zikafungwa, na zilipofunguliwa akawepo, kwa kuwa alikuwa amepewa muda wa kukabidhi. Begi lake, alinambia jirani yake, lilikuwa limefungwa.

Walinifanyia sherehe ya kuniaga ofisini kwetu wakati wa mapumziko ya chai. Kulikuwa na pilau, mkate wa kumimina na soda. Mkuu wa shule alitoa hotuba fupi, namshukuru. Nikapewa kitenge na seti ya vikombe. Mizani yangu ilikuwa mezani imefutwa vumbi, na kila mtu alijua kwamba natakiwa kuikabidhi kama nilivyokabidhiwa, na kila mtu alikuwa anakwepa kuitazama, maana wa kukabidhiwa ni nani? Nilikuwa nimeamua kuondoka nayo nyumbani. Wajukuu wangeichezea.

Mkuu wa shule akamgeukia Neema, akasema kwa vile naye yuko njiani, labda aseme neno, tuwaage wawili kwa pilau moja. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu.

Neema akainuka. Miguuni alikuwa na makubadhi ya plastiki, vile viatu vyeusi hakuvipata tena na wala hakuvidai. Akasema yeye haagi mtu, Arusha atakwenda likizo. Akaja hadi mezani kwangu, akaishika mizani kwenye ule mti wa mkoko, akakusanya na korosho zilizokuwa pale akazitia mfukoni. Hakusema shikamoo, hakunyoosha mikono miwili. Akaondoka nayo, vifuu vinagongana, akielekea mlangoni.

Walimu wakanitazama mie. Wanaujua uchoyo wangu. Machozi yalinitoka, sikuyazuia, na nilihakikisha sauti inafika hadi uwanjani.

"Mwizi huyo," nikasema. "Mwizi huyo, Mnyamwezi, anaondoka na mali yangu."

Hakugeuka. Kengele ilikuwa imeshalia, na kidato cha tatu walikuwa wanamngoja.